Praima ya shelaki kwenye kuta za mbao nyeusi: inanuka, ni ghali, na nitainunua tena

Nianze na hukumu, mwenye haraka aishie hapa: kama kuta zako zimefunikwa paneli za mbao nyeusi na mfuko haujakaa vizuri, pesa kubwa iende kwenye praima, lile tabaka la kwanza linalopakwa chini ya rangi, si kwenye rangi. Rangi ya juu chukua ya kawaida tu, hata ile inayouzwa kwa punguzo. Praima ninayoisifia ni ya shelaki, ile nyeupe inayoyeyushwa kwa spiriti, yaani alkoholi, badala ya maji au mafuta. Inanuka, inakaukia kwenye brashi ukiwa bado umeishika, na kopo lake ni ghali kuliko majirani zake wote kwenye rafu. Nimeipaka kwenye kuta za aina tatu, ubavuni mwa praima ya mafuta na praima ya maji. Kwenye aina mbili sijaona cha kuishinda. Kwenye ya tatu haina kazi.

Kuta zenyewe ni hizi. Sebuleni kuna plaiwudi, zile shiti za sentimita 122 kwa 244 ambazo unene wake haufiki hata milimita 6, zimechongwa mifereji ya kusimama ili zionekane kama mbao moja moja zilizopangwa. Usoni zina ganda jembamba la mbao halisi lililotiwa rangi ya kahawia iliyoiva kabisa, kisha vanishi. Koridoni ni msonobari halisi, mbao nene zilizoingiliana kwa ulimi na mfereji, ukingo wa mmoja ukiingia ndani ya mwenzake, zimejaa vifundo, yale macho ya duara matawi yalipootea. Chumba cha kusomea ndicho kilichonichekesha: hadibodi iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ukiitazama kwa utulivu unaona kifundo kilekile, chenye mkia uleule, kimejirudia kwenye kila shiti.

Kitu kimoja kuhusu mifereji ya zile shiti za sebuleni, maana watu huishi nazo miaka bila kukijua. Huonekana imepangwa ovyo, mmoja karibu, mwingine mbali, lakini ukipima utakuta kila baada ya sentimita 40 na ushee pana mfereji. Kipimo hicho ni inchi 16, umbali wa kawaida kati ya nguzo zilizo nyuma ya ukuta kwenye nyumba za fremu za mbao, na kimewekwa hivyo ili msumari upigwe ndani ya mfereji usionekane. Ukitaka kutundika rafu nzito, anza kutafuta nguzo hapo.

Kabla ya kununua chochote, jua una ukuta gani. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi, utazame ukingo wa paneli. Mbao halisi ina nyuzi zinazoendelea mpaka ndani, plaiwudi ina matabaka, hadibodi ni kahawia mtupu usio na nyuzi. Halafu chukua pamba yenye spiriti uishikilie mahali pasipoonekana, nyuma ya kabati kwa mfano. Vanishi ikilainika na kunata, yaelekea ni shelaki ya zamani. Isipotikisika, ni aina ngumu kama poliurethani, na hiyo ipe msasa wa kutosha kabla hujaiamini na chochote.

Usafi sitauremba kwa maneno. Paneli za zamani zimekula nta ya kung'arishia samani, mafuta ya mikono, na kama kuna mtu aliyekuwa akivuta sigara humo ndani, moshi wake pia. Kitambaa cheupe nilichopitisha kuzunguka swichi za taa kilitoka kahawia. Nta yenye silikoni ndiyo mbaya kuliko zote: rangi inaikimbia, inaacha vishimo vya duara ambavyo hata ukirudia havizibiki. Sabuni ya kukata mafuta, maji safi ya kusuuzia, acha pakauke, kisha msasa namba 180 wa kuvunja mng'ao tu. Kwenye plaiwudi usikandamize, ganda lile la juu halifiki hata milimita moja. Na kama nyumba ni ya zamani, nunua kwanza kipimo cha madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Vanishi na rangi za kabla ya hapo huwezi kuziamini kwa macho, na vumbi la msasa ndilo linaloingia kwenye mapafu ya watoto.

Sasa tuje kwenye praima yenyewe.

Tatizo la mbao nyeusi si weusi wake. Weusi unafunikwa na rangi yoyote nyeupe yenye unga mweupe wa titani wa kutosha, mikono miwili au mitatu, yaani matabaka, ukamaliza. Tatizo ni kilichomo ndani ya mbao. Mbao ina tanini, kemikali ya asili ya mti inayotoa madoa ya kahawia, na tanini huyeyuka kwenye maji. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, yale maji yanaingia kwenye mbao, yanaikamata tanini, na yanapokauka yanaipandisha juu. Unalala ukuta ni mweupe, unaamka una mawingu ya manjano. Wengi hapo huongeza mkono wa tatu na wa nne wa rangi ileile, na kila mkono unaleta maji mengine ya kuvuta tanini nyingine. Vifundo vya msonobari vina ugonjwa wao wa ziada, utomvu, ambao hautulii hata mbao ikiwa na umri wa mtu mzima. Joto likipanda, nao unatembea.

Shelaki ni utomvu wa aina yake, ila hautoki kwenye mti. Unatolewa na mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca, anayefugwa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, na ndio huohuo uliosafishwa unaong'arisha vidonge vya dawa na baadhi ya peremende, ukiandikwa kwenye pakiti kama E904. Ukiyeyushwa kwenye alkoholi na kuchanganywa na unga mweupe, unakuwa praima. Alkoholi inapaa upesi mno, hivyo mbao haipati muda wa kulowa na kuachia tanini yake, na kinachobaki ni utando mgumu ambao utomvu na madoa hayapenyi. Utando huohuo hufunga harufu pia. Korido yetu ilikuwa na harufu ya moshi wa sigara ambayo sabuni haikuiweza, na baada ya praima hii sikuisikia tena.

Niliipima hivi. Koridoni kuna ubao mmoja wenye vifundo vitatu vilivyofuatana, kila kimoja kikubwa kama kifuniko cha chupa, na kimoja kina ufa katikati ambao bado ulikuwa unanata ukiubonyeza kwa ukucha. Nikagawa ubao kwa tepu ya karatasi: kifundo cha juu praima ya maji, cha kati ya mafuta, na kile kinachonata nikakipa shelaki, makusudi kabisa. Zote mikono miwili, kisha rangi ileile ya maji juu yake. Kwenye praima ya maji duara la kahawia lilijitokeza kabla hata ya rangi ya juu, likapauka kidogo, kisha likarudi. Kwenye ya mafuta palibaki kivuli hafifu cha manjano ambacho mgeni asingekiona, ila mimi nakiona kila ninapopita. Pale kwenye shelaki inabidi nipapase kwa kidole ndipo nijue kifundo kiko wapi.

Kushika je? Nilikwangua kwa ukucha kwa nguvu kwenye kila sehemu, halafu nikachora misalaba midogo kwa wembe, nikabandika tepu na kuibandua kwa mkupuo mmoja. Hiki ni kipimo cha kienyeji cha kile ambacho maabara za rangi hukifanya kwa kiwango cha ISO 2409, na mtu yeyote anaweza kukifanya nyuma ya mlango. Shelaki haikuachia kitu. Ya mafuta pia ilikaa imara. Ya maji, pale ambapo msasa ulipita kijuujuu, iliondoka na vipande vidogo kwenye kona za ule msalaba.

Kuipaka ni habari nyingine, na hapa sitakudanganya. Ni nyepesi kama maziwa. Ukizoea rangi nzito ya ukutani, utaizidisha kwenye brashi na itakuchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Inakauka kwa kuguswa ndani ya dakika 15 hadi 20, na baada ya kama dakika 45 unaweza kurudia, kwa hiyo chumba unakipiga praima mikono yote na kuanza rangi ya juu siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo raha yake. Karaha yake ni kwamba ukirudi nyuma kulainisha mahali ulipopapita sekunde chache zilizopita, brashi inavuta na kuacha makovu. Paka, sogea, usigeuke. Makovu madogo yatafunikwa. Michirizi iliyokauka ndani ya mifereji haitafunikwa, itabidi uikate kwa wembe. Mimi hupita kwanza mifereji kwa brashi nyembamba iliyokamuliwa vizuri, mitatu minne hivi, kisha rola yenye manyoya mafupi juu yake kabla sijahamia mingine. Na koroga kopo tangu chini. Ule unga mweupe hulala, na usipoukoroga nusu ya kwanza ya kopo itakuwa maji maji na nusu ya mwisho itakuwa uji.

Harufu ni kali kweli. Madirisha wazi pande mbili, feni ikitoa hewa nje, na barakoa yenye kichujio cha mkaa. Ile ya karatasi haizuii mvuke. Muhimu kuliko harufu ni moto. Mvuke wa alkoholi hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, chini ya nyuzi 20, kwa hiyo hakuna jiko linalowaka, hakuna mshumaa, hakuna kile kimoto kidogo cha hita ya gesi, wala sigara ya fundi. Nikilinganisha na praima ya mafuta, hata hivyo, mimi naiona nafuu: hii inakupiga puani mara moja na kwenda zake, wakati ile ya mafuta inakaa na wewe usiku na mchana, na inataka iachwe ilale ndipo uirudie. Ya mafuta pia huwa inageuka manjano kadiri inavyokaa, hasa mahali pasipofikiwa na mwanga.

Brashi usiisafishe kwa tina, haitakusikia. Ni spiriti, au amonia ya nyumbani iliyochanganywa na maji, ambayo ni rahisi zaidi na inayeyusha shelaki vizuri ajabu. Ila amonia hiyo isikutane kamwe na dawa ya kufanyia nguo weupe yenye klorini, maana hewa inayotoka hapo ni sumu. Rola mimi hutupa.

Shemeji yangu ni seremala, na hakupendezwa. Alisimama mlangoni akiangalia kopo likifunguliwa. "Shemeji, mbao ukishaipaka rangi umeizika," akasema. Nikamwambia, "Shemeji, hii ya sebuleni ni karatasi ya mbao iliyogundishwa kwenye plaiwudi. Nizike nini?" Akacheka, lakini kwenye korido alikuwa na hoja, na nimeipa heshima yake: kipande kimoja cha msonobari, kile chenye mbao pana na vifundo vichache, tumekiacha bila rangi. Praima ya shelaki haina kurudi nyuma. Kuitoa kwenye mifereji na kwenye mishipa ya mbao ni kazi ambayo hakuna mtu atakayeimaliza akiwa na akili timamu. Kama moyo wako unasita hata kidogo, anza na vitu vya bei ndogo: dari ipakwe nyeupe, na balbu zibadilishwe. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa ikitoa lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, kama 800, na ukuta mweusi unameza sehemu kubwa ya hizo. Weka ya lumeni 1,500 au 1,600 ukae nayo wiki kadhaa ndipo uamue. Nimeona chumba kilichoponywa na balbu peke yake.

Ile hadibodi yenye picha ndiyo nilisema shelaki haina kazi. Karatasi ile haina tanini ya kutoa wala kifundo cha kulia utomvu. Inachohitaji ni kitu cha kunata kwenye uso laini, na praima ya maji ya aina ya kushikilia, zile zinazoandikwa kuwa ni za nyuso zinazong'aa, imefanya kazi hiyo kwa bei ndogo na bila harufu. Msasa uwe mwepesi mno, ukichana ile karatasi kingo zake zitasimama. Kwa hiyo mwenye nyumba yenye paneli za aina hii asome mpaka hapa tu, aokoe pesa yake.

Na hata kwenye mbao halisi kuna njia ya kati kwa mwenye kubana: shelaki kwenye vifundo na madoa peke yake, mikono miwili, ukivuka kidogo ukingo wa kila kifundo, kisha praima ya mafuta ukuta mzima. Kopo dogo linakwenda mbali sana namna hiyo. Kwa msonobari ningefanya hivyo bila wasiwasi. Kwa ganda la mbao nyeusi kama lile la sebuleni, ambalo linatoa tanini kila mahali, ningemwaga shelaki kote na kufidia kwenye rangi ya juu.

Watu huuliza kuhusu kuziba mifereji ili ukuta uwe laini. Inawezekana, na nimeona mafundi wakiifanya vizuri, lakini mimi siishauri kwa mwenye bajeti ndogo. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa unyevu, shiti na shiti zinakutana ndani ya mfereji, na puti uliyojaza pale itapasuka kwa mstari ulionyooka, jambo baya kuliko mfereji wenyewe. Ikipakwa rangi isiyokoza mifereji inageuka kuwa kivuli chembamba tu, na mimi nimeipenda. Kinachohitaji kuzibwa ni nyufa za kwenye kona na juu ya mkanda wa chini, maana kwenye mbao nyeusi hazionekani na kwenye nyeupe zinapiga kelele. Ziba kwa dawa ya kuzibia nyufa ya akriliki, ile inayopakika rangi, baada ya praima na si kabla, maana praima ndiyo inayokuonyesha zilipo. Silikoni ya kawaida usiiguse, rangi haishiki juu yake.

Kwenye mbao za ulimi na mfereji kuna jambo moja zaidi. Hewa ikikauka mbao zinasinyaa, ndimi zinachungulia, na unapata vistari vyeusi ambavyo havikuwepo ulipomaliza kazi. Ukiweza, paka wakati wa ukavu ndimi zikiwa nje. Usipoweza, weka akiba ya praima na rangi kidogo kwa ajili ya siku hiyo.

Rangi ya juu nimetumia ya maji ya kawaida, yenye mng'ao wa nusu kwenye korido kwa sababu ya mikono ya watu, na isiyong'aa sebuleni kwa sababu mng'ao unatangaza kila kovu la brashi. Hesabu yake ni rahisi: lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na kwa ajili ya mifereji uongeze kidogo. Inakauka upesi, lakini kukomaa ni wiki kadhaa, kama mwezi hivi, kwa hiyo samani zisiegemee ukuta na usiusugue kwa kitambaa kabla ya hapo.

La mwisho, ukienda kununua geuza kopo uangalie tarehe. Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa huzeeka ndani ya kopo, na ikizeeka sana inakataa kuwa ngumu, inabaki inanata milele. Ukiwa na kopo la zamani nyumbani, dondoshea tone moja kwenye kipande cha kioo na usubiri saa moja. Ukibonyeza ukucha ukaacha alama, hilo usilipeleke ukutani.